Kizazi Kimoja Zaidi

Kabla sijafika katika nyumba ile, mambo yalikuwa hivi. Juu ya ukingo wa Manga, mahali ambapo mashamba hukatika ghafla na macho yakaporomoka hadi bondeni, palikuwa na nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na paa la nyasi. Chumba cha nje kilikuwa na meko, mitungi na mlango. Chumba cha ndani kilikuwa na kitanda cha miti, dirisha dogo lisilo na kioo, na mzee aliyepooza upande wa kuume. Kati ya vyumba hivyo ulisimama ukuta wa fito uliokandikwa udongo, ambao haukufika kwenye paa. Aliyeujenga aliuachia nafasi ya kiasi cha mkono mmoja juu, ili moshi wa meko upite na kuwapasha joto waliolala ndani. Mzee aliitwa Makori, na alikuwa mjane. Mwanawe aliyebaki nyumbani, Ondieki, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa haki na wa maneno machache. Mke wa Ondieki aliitwa Kerubo, na watoto wao walikuwa wavulana wawili, mmoja wa miaka sita, mwingine wa mitatu. Juu ya watu hao wote palikuwa na sheria ambayo wakati ule haikuandikwa popote, nami nilikuja kuiandika baadaye kwa urefu. Wagusii huiita chinsoni, yaani haya iliyopangwa. Sheria hiyo humkataza mtoto kuuona mwili wa mzazi wake, na humkataza mke wa mwana hata kuvuka kizingiti cha chumba anamolala baba mkwe. Anayeruhusiwa ni mjukuu. Kati ya babu na mjukuu hakuna haya, kuna utani.

Kwa hiyo nyumbani palikuwa na mwana mwenye nguvu asiyeruhusiwa, mke wa mwana mwenye nia asiyeruhusiwa, na wajukuu walioruhusiwa lakini wasingeweza kuuinua hata mguu mmoja wa babu yao. Kijana wa ukoo aliyekuwa akimhudumia mzee kwa miezi michache alikuwa ameondoka kwenda kuchuma chai Kericho. Tangu hapo Makori alilala chali. Yule mvulana wa miaka sita alimpelekea chakula na kumlisha kwa kijiko cha mti. Chini ya mgongo, juu ya mfupa wa kitako, palikuwa pamefunguka kidonda ambacho hakuna mtu aliyekiona; walikijua kwa harufu iliyopita juu ya ukuta pamoja na moshi.

Nayaandika haya nikiwa na umri unaokaribia ule aliokuwa nao Makori, kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Kerubo. Niliketi chini ya turubai pamoja na wazee wenzangu, kiti changu cha plastiki kikizama polepole katika ardhi iliyolowa, na wakati kwaya ikiimba nilijikuta ninatafuta kwa macho mahali ukuta ule uliposimama. Nyumba ya udongo haipo tangu zamani. Pana migomba pale, minene na yenye kivuli, na kuku walikuwa wakiparua kati yake. Nilijaribu kukadiria: hapa palikuwa na kizingiti, hapa kitanda, hapa, kwa mwaka mzima, palikuwa na sauti ya mwanamke ikija kutoka juu. Watu wote waliokuwa ndani ya nyumba ile siku ninayokusudia kuieleza wamekwisha kufa au walikuwa watoto wasioelewa. Niliyebaki ni mimi.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya seminari ndogo na kuambiwa kwa upole kwamba wito wangu haukuonekana. Nilirudi nyumbani Sironga na sanduku la mbao, sarufi ya Kilatini, na ujuzi mmoja ambao sikuuhesabu kuwa ujuzi: kwa miaka miwili nilikuwa nimepangwa kumhudumia padri mmoja mzee ambaye miguu yake ilikuwa imekufa na ulimi wake umelegea, na nilijifunza namna ya kumwosha na kumgeuza mtu mzima. Habari hiyo ndogo ilitembea, kama zinavyotembea habari zote katika nchi ya milima, kutoka kijito hadi kijito, na siku moja asubuhi Kerubo alisimama uani kwetu na kapu la ndizi kichwani. Hakuwa amefika miaka thelathini. Alikataa kuketi. Aliomba kuziona kucha zangu, akazitazama pande zote mbili za mikono, kisha akauliza swali moja tu, kama ningeweza kumgeuza mtu bila kumburuta. Nilimjibu kwamba kuburuta ndiko kunakochana ngozi. Mtu huinuliwa kwanza, ndipo ageuzwe. Alishusha kapu, akalikabidhi jikoni, akaniambia nichukue nguo zangu. Njiani tu ndipo aliponieleza kwamba bado kulikuwa na jambo moja, nalo halikuwa mikononi mwake wala mwangu. Sisi wa kwetu na wao wa Manga tulikuwa wa ukoo mmoja. Ilibaki kujulikana mimi ni wa kizazi gani.

Nilisimama kizingitini mwa chumba cha ndani, nisiruhusiwe bado kuingia, na Kerubo akaketi nyuma ya ukuta upande wa meko. Maneno ya Makori yalitoka mazito, kama mtu anayesema huku akitafuna, na Kerubo peke yake ndiye aliyeyaelewa. Kwa hiyo mzee aliuliza, Kerubo akarudia, nami nikajibu. Nilitaja baba yangu, na babu yangu, na baba wa babu yangu, Nyamongo, na hapo ujuzi wangu ukaisha. Mengine aliyajua yeye. Makori alikuwa ndiye mwenye kumbukumbu ya ukoo. Watu walikuja kwake kutoka mbali kuuliza kama kijana fulani angeweza kumwoa binti fulani. Alianza kwa Ogaro, mwanzilishi wa ukoo, akateremka hadi kwake mwenyewe, akikunja kidole kimoja cha mkono wa kushoto kwa kila jina: yeye ni wa tatu kutoka kwa Ogaro, wanawe ni wa nne, wajukuu wake ni wa tano. Kisha akaanza tena kwa Ogaro kuteremka upande wangu. Alipokaribia Nyamongo alinyamaza, kwa muda ambao inzi angeweza kulivuka dirisha. Halafu akaendelea, na vidole vikafika vitano. Kerubo alirudia kwa sauti kubwa ili Ondieki, aliyekuwa uani, asikie: huyu ni mjukuu.

Kidonda kilikuwa na upana wa mdomo wa kikombe. Nilipokieleza kwa mara ya kwanza, nikizungumza na ukuta, nikasikia upande wa pili hatua zikitoka nje. Kerubo alirudi na jani la mgomba ambalo lilikuwa bado limejikunja halijafunguka, akalipitisha juu ya moto hadi likawa laini na lenye kung'aa kama hariri, akaliacha lipoe, akaliweka kizingitini. Lile ndilo lililokuwa shuka la Makori mwaka mzima. Jani la mgomba halinati katika kidonda na halina mshono. Nililitandaza chini ya mgongo wake asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila lililotoka lilichomwa. Kwa sehemu nyingine za mwili zilizokuwa nzima bado lakini zimeanza kuwa nyekundu, Kerubo alisaga jiwe laini la Tabaka, lile ambalo watu huchongea sahani na vikombe, akalichekecha kwa kitambaa hadi likawa unga mweupe usio na punje. Nilimpaka baada ya kumwosha, naye alitoka katika mikono yangu mweupe kama mtu aliyerudi kutoka nchi nyingine. Alipenda unga ule. Alisema ujana wake wote walijipaka vile siku za ngoma, na kwamba hakutegemea kucheza tena akiwa amelala.

Saa hatukuwa nayo. Tulikuwa na dirisha. Kipande cha jua kilichoingia asubuhi kilitambaa juu ya sakafu, na kilipofika kwenye mguu wa kitanda nilimlaza upande wa kushoto, kilipofika kwenye mtungi nilimrudisha. Lakini Manga ni mahali pa ukungu, na kulikuwa na siku nyingi ambazo jua halikuja kabisa. Ukungu uliingia dirishani, moshi ukaja juu ya ukuta, vikakutana katikati ya chumba juu ya kitanda, na mimi niliketi kwenye kigoda nikisahau kama ni asubuhi au alasiri, kama mwaka ni huu au mwingine. Siku kama hizo Kerubo alipima wakati kwa kazi zake. Alichemsha maharagwe, na kila alipoongeza maji katika sufuria aliita jina langu mara moja, Omwenga, basi, bila neno jingine. Hata leo nikilisikia jina langu likiitwa hivyo na mtu aliye chumba kingine, mikono yangu huinuka kidogo kabla ya akili.

Kwa mtu asiyeruhusiwa kuona, alijifunza kusikia kwa namna ambayo sijapata kuikuta kwa mganga yeyote. Uji wa wimbi wa siku za kwanza ulikuwa mwepesi, na Makori alikohoa kila alipoumeza. Mimi nilidhani ni kifua. Yeye, kutoka mekoni, alisema kikohozi kile si cha kifua, ni cha njia. Kwamba mzee hakohoi akila ugali na mgagani, bali akinywa. Alianza kuupika uji mzito, wa kusimamisha kijiko, na maji ya kunywa alimpa kwa njia ya ndizi mbivu na maziwa ya mgando. Kikohozi kilikwisha katika siku tatu. Alijua mzee amelala kwa kusikia pumzi, alijua nimemlaza vibaya kwa kusikia kitanda. Nilimwosha kwa mikono yangu, lakini aliyemuuguza ni yeye, na alimuuguza kwa mwaka mzima bila kumwona.

Hakusema naye moja kwa moja. Hilo nalo lilikuwa la heshima. Aliniambia nimuulize Mzee kama amelala vizuri, na Mzee, aliyekuwa amesikia kila neno kwa sababu ukuta ulikuwa na nafasi juu, alingoja nimuulize, kisha akaniambia nimwambie mke wa Ondieki kwamba amelala kama gogo, na gogo halina malalamiko. Nami niliyarudia yote, kwenda na kurudi, kwa uzito wote wa mkalimani wa mahakama, wakati wote wawili walikuwa wamekwisha kusikia. Siku za Sabato Ondieki hakutaka moto uwashwe kwa kazi, na Kerubo alichemsha maji ya kumwosha mzee Ijumaa na kuyafunika kwa magunia, lakini yalipoa. Sabato ya pili Makori aliniagiza nimwambie mwanawe kwamba yeye hajabatizwa, na ngozi yake pia haijabatizwa, kwa hiyo haijui kutofautisha siku. Ondieki alisikia kutoka uani. Kuanzia juma lililofuata, Jumamosi kabla ya kwenda kanisani, aliwasha moto yeye mwenyewe, kisha akaondoka.

Utani wa mzee ulinielemea mwanzoni. Seminari haikunifundisha kutaniwa. Nilimwita Sokoro, yaani babu, naye aliniita mume mwenza, akadai kwamba nimekuja kumnyang'anya wake zake aliowaacha kaburini. Nilipokuwa nikimkanda mkono uliokufa nilikuwa na tabia ya kunong'ona vitenzi vya Kilatini ili nisivisahau, na siku moja aliuliza ninasema na nani. Nilimweleza kwamba hiyo ni lugha ya watu wa kale wa Roma. Aliuliza kama wanaishi mbali. Nikasema wamekufa wote, na hakuna mtoto anayezaliwa leo akaisema.

"Wamekufa wote," alisema, "na bado mnawatunzia maneno yao?"

"Ndiyo, Sokoro."

"Basi na yangu yatunze. Mimi ndiye ninayekufa karibu."

Hivyo ndivyo kazi ya maisha yangu ilivyoanza, ingawa wakati ule niliiona kuwa mazoezi ya ulimi tu. Padri wangu wa seminari alikuwa amerudisha sehemu ya usemi wake kwa kurudia sala alizozijua kwa moyo. Makori hakuwa na sala, alikuwa na nasaba. Kila alasiri alisema majina, nami niliyaandika katika daftari lenye jalada la buluu, nyuma ya kurasa za sarufi. Nani alimzaa nani, kwa mke yupi, nani alihama na kwa nini. Jina lililotoka limevunjika tulilirudia hadi likasimama. Mauaji ya ng'ombe, njaa, ndoa zilizokataliwa, vyote vilipita katika chumba kile cha moshi kwa sauti ya mtu anayetafuna, na upande wa pili wa ukuta Kerubo alichambua maua ya pareto na wakati mwingine akacheka peke yake. Ulimi ukaendelea kulainika. Kidonda kikaendelea kujifunga, kutoka kikombe hadi jicho la ng'ombe, kutoka jicho hadi haragwe. Kila jioni Kerubo aliuliza neno moja, "Kidonda?", nami nikamjibu kwa kutaja kitu chenye ukubwa wake. Siku niliyosema haragwe alijibu kwamba yeye amekwisha kutosheka na maharagwe, anangoja wimbi.

Hatukufika kwenye wimbi upesi. Juma hilo alikuja Moraa, dada yake Makori, mwanamke mzee mwenye kicheko kikubwa aliyeuza ndizi katika soko la Daraja Mbili na kuwadharau watu wote wanaoishi juu ya mwinuko. Alitangaza kabla ya kuketi kwamba watu wa Manga wana ukungu hata ndani ya vichwa. Alimsalimia kaka yake kutoka kizingitini, akaniangalia mimi, akauliza kama huyu ndiye yule padri aliyemshinda Mungu. Nilimpenda mara moja. Baada ya chakula aliomba kusikia tulichokuwa tukikifanya kila alasiri, na mimi, ambaye sikuwa nimepata msikilizaji tangu niondoke seminari, nilitoka na daftari langu, nikaketi karibu na meko, nikasoma. Nilisoma vizuri. Nilisoma kwa sauti iliyopimwa, kama tulivyofundishwa kusoma kitabu wakati wa chakula. Nilipofika ukurasa wa pili nilisoma kwamba Ogaro alimzaa Omwando, na Omwando akamzaa Nyamongo.

"Rudia hapo," alisema Moraa.

Nilirudia.

"Omwando hakumzaa Nyamongo. Walikuwa ndugu. Tumbo moja, titi moja. Bibi yetu alituimbia majina yao pamoja." Akageukia ukuta. "Makori, umesahau hata hilo?"

Nyuma ya ukuta kitanda kililia mara moja. Moraa hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu sahihi, na mimi ambaye nimeishi kwa usahihi siwezi kumlaumu. Alihesabu kwa vidole, polepole, kila mtu akimtazama. Ukiondoa Omwando, mimi nilikuwa wa nne kutoka kwa Ogaro, sawa na Ondieki. Sikuwa mjukuu wa Makori. Nilikuwa mwanawe. Kwa miezi saba mwana alikuwa amemvua nguo baba yake, amemwosha, amemgeuza, amecheka naye maneno ambayo mwana akiyasikia huondoka mbio. Kicheko cha Moraa kilikuwa kimemtoka usoni. Ondieki alisimama, akalichukua daftari mkononi mwangu kwa upole, akalifunga, akaniambia nisiingie tena ndani.

Kulikuwa na njia ya desturi ya kusafisha kosa kama hilo, nayo ilihitaji kondoo na damu yake, na Ondieki, mzee wa kanisa, asingeruhusu kondoo achinjwe kwa ajili hiyo katika boma lake. Sheria moja ilimzuia asiniache niingie, nyingine ilimzuia asiondoe kizuizi. Aliketi kati ya sheria mbili, siku nne, akisoma Biblia yake chini ya ukingo wa paa. Moraa aliingia kumlisha kaka yake, lakini mikono yake ilikuwa na ugonjwa wa viungo na hakuweza kumgeuza. Mimi nililala kwenye banda la pareto, juu ya harufu kali ya maua yaliyokauka. Kerubo aliendelea kuchuna jani changa kila asubuhi, akalipitisha motoni na kuliweka kizingitini, na kila jioni akaliondoa likiwa limenyauka. Sikupata kumsikia akiuliza kuhusu kidonda. Siku ya nne, adhuhuri, harufu ilirudi juu ya ukuta.

Nilikuwa uani nilipomsikia Kerubo. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, karibu sana, uso wake ukikaribia kugusa udongo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika boma lile alimwambia baba mkwe wake neno bila mtu katikati.

"Baba," alisema, "mimi sijui habari za wazee wa zamani. Niambie wewe. Nyamongo alikuwa mwana wa nani?"

Ikafuata sauti ya Makori, iliyo wazi kuliko nilivyopata kuisikia, ikiagiza watu waitwe. Walikuja: Ondieki, Moraa, majirani watatu wa ukoo, na mimi, tukaketi chumba cha nje, tukautazama ukuta. Makori akaanza kwa Ogaro. Hakuharakisha. Alitaja kila mtu na mkewe, na alipofika mahali pale hakunyamaza hata kwa muda wa inzi. Omwando, alisema, alimzaa Nyamongo akiwa kijana sana, na mama yake Omwando akamnyonyesha mtoto huyo pamoja na mwanawe wa mwisho. Ndiyo maana watoto wa kike, wanaosikia nyimbo tu, huwadhani kuwa ndugu. Moraa alifungua mdomo. Makori alisema kwamba Moraa aliolewa mapema, akaenda kwa watu wengine, na nasaba ya wanaume wa Manga haihifadhiwi kwenye kapu la ndizi. Mmoja wa majirani alicheka, akajizuia. Kisha Makori akaniita.

"Wewe mjukuu. Nasikia una msichana huko Sironga."

Sikuwa na msichana popote. Taratibu nikaona alichokuwa amenitupia. Utani wa namna ile hautupwi kwa mwana. Na ukitupwa, mwana huinamisha kichwa na kutoka, mjukuu hujibu. Hapakuwa na mtu chumbani asiyejua hilo. Nilikuwa na daftari, ingawa lilikuwa mikononi mwa Ondieki, na nilijua kwa hakika ya mtu aliyefundishwa kulinganisha maandiko kwamba Moraa alikuwa amesema kweli: nilikumbuka muda wa inzi kuvuka dirisha, siku ya kwanza, kabla mzee hajaongeza mtu kati ya watu wawili. Nilikuwa nimeapa katika kanisa la seminari, nimepiga magoti, kutosema uongo hata mdogo. Harufu ilikuwa inakuja juu ya ukuta.

"Usijisumbue naye," aliendelea Makori. "Nikiinuka hapa nitamwoa mimi. Wewe utatuchotea maji."

"Sokoro," nilisema, na sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka, "atakukataa. Yeye anataka mume mwenye miguu miwili, na wewe unao mmoja, na huo mmoja umeufanya mto wa kulalia."

Majirani walicheka kwanza. Kisha Makori, nyuma ya ukuta, kile kicheko chake kilichopinda upande mmoja. Watu wote wakamtazama Moraa. Aliyatazama majivu ya meko, akayachokoa kwa kijiti kwa muda mrefu, kana kwamba jina fulani limeanguka humo. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikubwa cha Daraja Mbili kikatoka.

"Uzee," alisema, akijifuta macho. "Labda nilisahau mimi."

Ondieki alikuwa bado ameshika daftari. Ni mtu ambaye sikupata kumsikia akisema neno lisilo la kweli, kabla wala baada. Alinyoosha mkono, akanirudishia.

"Baba amesema," alisema, akatoka nje.

Niliingia. Kidonda kilikuwa kimerudi kuwa kikombe. Nilimwinua kwanza, nikamgeuza, na nilipokuwa nikiosha, mzee aliutazama ukuta, wala mimi sikumuuliza kitu. Jani lilikuwa kizingitini, bado lina joto kidogo. Kesho yake nilimsindikiza Moraa hadi njia panda. Alinishika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakusahau, na kwamba nisithubutu kuliacha jani likauka. Kisha akateremka mwinuko, akikemea ukungu.

Kidonda kilifika kwenye wimbi wakati wa mvua za masika, na baada ya hapo nilipoulizwa jioni nilijibu kwamba hakuna. Tangu siku ile ya kicheko Makori aliishi miezi mitano zaidi. Alifariki asubuhi, amelala upande wa kushoto, jua likiwa bado halijafika kwenye mguu wa kitanda. Nilimwosha kwa mara ya mwisho, nikampaka unga wa jiwe, na nilipotoka Kerubo alikuwa amesimama upande wake wa ukuta mikono ikiwa imekaa kimya, jambo ambalo sikuwa nimepata kuliona. Hakuuliza amekufaje. Aliuliza kama mgongo ni mzima. Nilimwambia ni mzima. Ndipo alipoketi chini na kulia.

Nilirudi Sironga, nikasoma ualimu, kisha chuo kikuu, na daftari la buluu likawa, baada ya miaka mingi ya kutembea boma hadi boma, kitabu cha nasaba za ukoo wetu. Mara ya mwisho nilipomtembelea Kerubo, yeye mwenyewe alikuwa kitandani, akigeuzwa na mjukuu wake wa kike, ambaye nilimwona anainua kabla ya kugeuza. Aliniuliza katika kitabu nimeandikaje. Nilimjibu kwamba nimeandika kama alivyosema Mzee. Alifumba macho, akasema ni vizuri.

Baada ya maziko, mjukuu wake mwingine, mwalimu wa historia, alinijia na kitabu mkononi. Alikuwa amezungumza na uzao wa Moraa. Alisema kwa adabu nyingi kwamba katika ukurasa wa pili, huenda, pana kosa. Nilimshukuru kwa uangalifu wake. Kitabu kile kimechapwa mara tatu, na kila mara nimesahihisha makosa niliyoyaona. Katika ukurasa wa pili Nyamongo bado ni mwana wa Omwando.